Yuda na Yahudi: neno moja lililopita milango miwili

"Shikamoo Mwalimu. Nakuandikia kutoka Iringa. Juzi kwenye jumuiya tulibishana mpaka saa nne usiku. Mmoja alisema Ibrahimu na Musa walikuwa Wayahudi. Mwingine akakataa, akasema hao ni Waebrania, na Wayahudi ni kabila la Yuda peke yake. Jirani yetu Mwislamu aliyekuwa amepita kuchukua funguo naye akatuambia Yahudi ni neno la Kiarabu, maana yake waliotubu. Sasa tuambie: Myahudi maana yake nini hasa, neno limetoka wapi, na Uyahudi ni dini au ni kabila?"

Marahaba. Katika ubishi wenu hakuna aliyekosa kabisa, na hilo ndilo lililowachelewesha kulala. Nianze na jambo ambalo sisi wasemaji wa Kiswahili tunalipita kila siku bila kuliona: Yuda na Yahudi ni neno moja.

Hatulioni kwa sababu lilitufikia kwa milango miwili. Mlango wa kwanza ni wa pwani. Kiarabu huwaita watu hao kwa jumla yahud, na mmoja wao yahudi. Waswahili wakalichukua hilo la mmoja, wakalivisha M- na Wa- kama walivyofanya kwa Mhindi, likawa Myahudi, Wayahudi. Wengi wa pwani, na tafsiri za Kurani pia, husema Mayahudi. Neno ni lile lile, kilichobadilika ni kiambishi tu. Mlango wa pili ni wa wamisionari waliotafsiri Biblia, ambao majina mengi waliyaandika kwa sura iliyokwisha kupita Ugiriki na Ulaya. Ndiyo maana kwenye Biblia tuna Yuda.

Kiebrania chenyewe ni Yehuda. Iangalie ile h ya katikati. Wagiriki hawakuwa na njia ya kuandika h katikati ya neno, kwa hiyo Yehuda kwao akawa Ioudas, na Yuda wetu akazaliwa hapo, h imeshadondoka njiani. Waarabu h wanayo, tena ya kutosha, hivyo Yahudi likafika Lamu na Unguja likiwa zima. Herufi moja iliyopotea Ugiriki ndiyo inayotufanya leo tusome "kabila la Yuda" ukurasa huu na "Wayahudi" ukurasa ule, tukidhani ni watu wawili tofauti. (Kwa njia hiyo hiyo Yuda mwana wa Yakobo, Yuda Makabayo, Yuda ndugu yake Yesu na Yuda Iskariote wote wana jina moja. Lilikuwa jina la kawaida sana, kama Juma kwetu.)

Mwenye jina wa kwanza ni mtoto wa nne wa Lea. Mwanzo 29:35 inasema Lea alipomzaa alisema, "Mara hii nitamsifu Bwana," akamwita Yuda. Kwa Kiebrania kuna mchezo wa sauti hapo: *odeh*, nitasifu au nitashukuru, na *Yehuda*. Lea angekuwa mama wa Bukavu angemwita Shukuru. Wataalamu wengine hudhani jina lilikuwa kwanza la eneo la milima ya kusini, kisha likavishwa mtu. Ubishi huo bado unaendelea, na kwa swali lako si lazima uishe.

Sasa jirani yenu. Hakulitoa hewani. Kurani inawataja watu hao kwa njia zaidi ya moja: *al-yahud*, na pia *alladhina hadu*, yaani walio Mayahudi, na katika sura ya 7 aya ya 156 kuna maneno *inna hudna ilayka*, yaani tumerejea kwako. Kutokana na hapo wafasiri wakaunganisha jina na kurejea, kutubu. Lakini wafasiri hao hao, Al-Qurtubi akiwa mmojawapo, walitaja pia maelezo ya pili, kwamba jina linatokana na Yahudha mwana wa Yaakubu. Ukiniuliza mimi kama mtu wa lugha, hilo la pili ndilo asili. Waarabu walilipokea jina kutoka kwa wenyewe, kupitia Kiebrania na Kiaramu. Maana ya kutubu ni ya ndani ya Kiarabu, na ina uzito wake katika ufasiri, lakini haikuwa cheti cha kuzaliwa cha neno.

Tukirudi kwa Yuda: mtu akawa kabila, kabila likawa nchi. Baada ya Sulemani kufa, yapata mwaka 930 KK, ufalme ulipasuka. Kaskazini ikabaki na jina kubwa, Israeli. Kusini, Yerusalemu na milima yake, ikawa ufalme wa Yuda. Na hapo ndipo neno *yehudim*, watu wa Yuda, linapojitokeza kwenye Biblia. Fungua 2 Wafalme 16:6. Resini mfalme wa Shamu anawafukuza Wayahudi kutoka Elathi, bandari ya Bahari ya Shamu. Na Resini huyo wakati ule alikuwa ameungana na nani? Na mfalme wa Israeli. Yaani mara ya kwanza kabisa unapokutana na Wayahudi katika maandiko, Israeli iko upande wa adui yao. Mtu anayeyatumia maneno haya mawili kama kitu kimoja tangu mwanzo hadi mwisho atakwama hapo hapo.

Sura mbili mbele, jeshi la Ashuru liko nje ya kuta za Yerusalemu, mwaka 701 KK. Jemadari wao anapaza sauti, anawatisha watu kwa lugha yao. Wakubwa wa mfalme Hezekia wanamsihi: sema nasi kwa Kiaramu, tunakielewa, usiseme kwa *Yehudit*, watu walio ukutani wanasikia. Wanataka mazungumzo ya wakubwa yabaki ya wakubwa. Biblia yetu imeandika "lugha ya Kiyahudi", nayo maana yake ni Kiebrania cha watu wa Yuda. Neno hilo hilo *Yehudit* ndilo jina Judith, mwanamke wa Yuda. Kila kwaya ninayoijua ina Judith mmoja, na nikimwambia jina lake maana yake ni Myahudi wa kike, anacheka.

Ashuru waliumaliza ufalme wa kaskazini mwaka 722 KK. Yuda ikadumu hadi 586 KK, Wababeli walipoichoma Yerusalemu na kuwahamisha watu. Baadaye Waajemi wakaitawala nchi hiyo kama jimbo na kuliita Yehud. Zipo sarafu ndogo za fedha zenye herufi tatu tu, YHD. Lakini jambo kubwa lililotokea ni hili: watu walitoka kwenye nchi na jina likatoka nao. Mpaka hapo Myahudi alikuwa mtu wa mahali, kama Mzanzibari. Sasa alikuwepo Myahudi aliyezaliwa Babeli, aliyekulia Babeli, asiyewahi kuiona Yuda.

Ushahidi mzuri wa hilo uko Afrika. Kwenye kisiwa cha Elephantine, katikati ya Nile karibu na Aswan, kulikuwa na askari wa Kiyahudi waliowatumikia Waajemi katika karne ya 5 KK. Waliacha mafunjo ya Kiaramu: mikataba ya ndoa, mauzo ya nyumba, kesi. Mtu mmoja, Mahseya mwana wa Yedanya, katika hati moja anaandikwa Myahudi wa Elephantine na katika nyingine Mwaramu wa Aswan. Ni mtu yule yule. Karani aliandika kilichofaa siku hiyo, kama mtu wa kwetu anavyokuwa Mnyalukolo kijijini na Mtanzania kwenye kaunta ya uhamiaji. Hekalu lao lilipobomolewa mwaka 410 KK, waliandika barua mwaka 407 kwa liwali wa Yehud kuomba msaada. Walikuwa Misri muda mrefu, lakini shida ilipowabana walijua wamwandikie nani.

Na kuna Mordekai. Esta 2:5 inamtambulisha kama "Myahudi", kisha mstari huo huo unasema ni mtu wa Benyamini. Kwa hiyo yule aliyesema Wayahudi ni kabila la Yuda peke yake, mwonyeshe mstari huo. Alikuwa sahihi kwa zama za wafalme, lakini kufikia zama za Waajemi jina lilikuwa limewameza wote waliotoka ule ufalme wa kusini. Paulo baadaye ni vivyo hivyo: Mbenyamini, na Myahudi.

Sasa njoo kwenye Uyahudi, sehemu ninayoipenda kuliko zote, kwa sababu Kiswahili kimefanya jambo la ajabu bila kukusudia. Katika Biblia ya Union, Mathayo 2:1, Yesu anazaliwa "katika Bethlehemu ya Uyahudi". Hapo Uyahudi ni nchi, kama Uingereza au Uhabeshi. Tafsiri za karibuni zimeandika Yudea, kukwepa utata. Lakini Uyahudi hiyo hiyo ni dini, kama Ukristo na Uislamu. U- yetu inabeba nchi, inabeba na imani. Neno la Kigiriki *Ioudaios* lilikuwa na mzigo huo huo: mtu wa Yudea, au mtu wa watu wale na sheria ile, popote alipo. Wapo wataalamu wanaotaka kila *Ioudaios* wa zama zile atafsiriwe "Myudea". Sikubaliani nao. Ukifanya hivyo msomaji hatajua kwamba hawa ni mababu wa Wayahudi wa leo, na uzi unakatika. Ila kuna mahali wana haki.

Soma Yohana 7:1. Yesu anatembea Galilaya, hataki kutembea katika Uyahudi kwa sababu Wayahudi wanatafuta kumwua. Ukisoma haraka utadhani yeye si mmoja wao. Lakini sura tatu nyuma, kisimani, mwanamke Msamaria amemwambia wazi: imekuwaje wewe Myahudi kuniomba mimi maji? Kwa Msamaria, Mgalilaya huyu ni Myahudi bila shaka yoyote. Katika sura ya 7 wanaosemwa ni watu wa Uyahudi, kule kusini, na hasa wakubwa wa Yerusalemu. Makosa ya kusoma mistari kama hii yamewamwagia watu damu Ulaya kwa karne nyingi, kwa hiyo anayeongoza somo asiipite kasi.

Jambo jingine dogo, kwenye Marko 15. Warumi wa Pilato wanaandika msalabani "Mfalme wa Wayahudi". Mistari sita baadaye makuhani wanadhihaki kwa maneno yao: "Kristo, mfalme wa Israeli". Mgeni anasema Wayahudi, mwenyeji anasema Israeli. Tabia hiyo ilienea sana. Waasi waliopigana na Roma kuanzia mwaka 66 BK waligonga sarafu zao "Shekeli ya Israeli". Sala yao kuu mpaka leo ni "Sikia, ee Israeli".

Basi neno la dini lilizaliwa lini? Katika Torati yote halimo. Linaonekana mara ya kwanza kwa Kigiriki, *Ioudaismos*, katika kitabu cha Pili cha Wamakabayo, kile ambacho Wakatoliki wanacho na Waprotestanti wengi hawana. Ni zama za Antioko wa Nne, mfalme wa Kigiriki aliyeitawala nchi hiyo, karne ya 2 KK. Kuhani mkuu Yasoni amejenga uwanja wa michezo wa Kigiriki Yerusalemu, na kitabu kinalalamika kwamba makuhani wanaacha sadaka madhabahuni na kukimbilia kurusha kisahani. Mambo haya kitabu kinayaita *Hellenismos*. Sisi tuna neno lililofinyangwa kwa namna hiyo hiyo: ustaarabu. Asili yake ni Kiarabu, kuwa kama Mwarabu, na pwani likaja kumaanisha maisha ya mtu aliyelelewa vizuri. *Hellenismos* ni kustaarabika kwa Kigiriki. *Ioudaismos* ni jibu lake: kushika mwenendo wa Kiyahudi, na kufa kwa ajili yake ikibidi. Lilikuwa neno la tendo zaidi ya jina la mfumo. Paulo analitumia katika Wagalatia 1:13, akisimulia mwenendo wake wa zamani katika "dini ya Kiyahudi". Mwanzoni mwa karne ya 2 BK askofu Ignatio wa Antiokia akaliweka sambamba na Ukristo, hiki dhidi ya kile, na tangu hapo limezoeleka kama jina la dini.

Mwenendo ukishakuwa ndio kipimo, hata asiyezaliwa humo anaweza kuingia. Esta 8:17 tayari ina watu wa nchi "waliojifanya Wayahudi". Yohane Hirkano, mtawala wa Yerusalemu mwishoni mwa karne ya 2 KK, aliwalazimisha Waidumea watahiriwe na kufuata sheria, na Yosefo, mwanahistoria Myahudi wa karne ya 1 BK, anaandika kwamba tangu hapo wakawa Wayahudi. Mfalme Herode ni mjukuu wa watu hao. Mwanahistoria Cassius Dio, mwanzoni mwa karne ya 3 BK, anaeleza kwamba jina hilo linawahusu pia watu wa asili nyingine wanaofuata sheria za Wayahudi.

Warumi, kama serikali zote, walilitazama jambo kwa jicho la kodi. Baada ya hekalu kubomolewa mwaka 70 BK, Kaisari Vespasian aliwatoza Wayahudi wote wa dola dinari mbili kwa mwaka. Swali lako, "Myahudi ni nani?", ghafla likawa na bei. Chini ya mwanawe, Kaisari Domitian, walitafutwa mpaka wale walioishi Kiyahudi bila kujitangaza, na wale walioficha asili yao. Mwandishi Mrumi Suetonius anakumbuka kwamba akiwa kijana alikuwepo barazani, pamejaa watu, mzee wa miaka 90 akikaguliwa mwili mbele ya msimamizi wa kodi ili ijulikane kama ametahiriwa. Mwaka 96 Kaisari mpya, Nerva, alisimamisha unyanyasaji huo na kugonga sarafu ya kutangaza hivyo. Kodi yenyewe iliendelea.

Ibrahimu na Musa, basi. Ibrahimu anaitwa Mwebrania katika Mwanzo 14:13. Yuda ni kitukuu chake, kwa hiyo jina Myahudi halikuwepo hata la kumpa. Kurani nayo, sura ya 3 aya ya 67, inasema Ibrahimu hakuwa Yahudi wala Mkristo. Musa alikuwa Mlawi, mwana wa Israeli. Wayahudi humwita Musa "mwalimu wetu" na Ibrahimu "baba yetu", na wana kila haki, kama sisi tunavyoweza kumwita Kinjekitile shujaa wa Tanzania ingawa alinyongwa mwaka 1905, Tanzania haijazaliwa. Mkiisema hivyo kwenye jumuiya, wabishani wote wawili watalala mapema. Na Mwisraeli wa leo ni neno la pasipoti: raia wa nchi iliyotangazwa tarehe 14 Mei 1948. Karibu mmoja kati ya watano wao ni Mwarabu, Mwislamu au Mkristo au Mdruzi, na Wayahudi wengi wa dunia si Waisraeli kabisa.

Dini au kabila? Sheria ya Kiyahudi ya jadi hujibu kwa sentensi moja: aliyezaliwa na mama Myahudi, au aliyeongoka kwa taratibu zao. Nusu ya kwanza ni damu, nusu ya pili ni imani. Anayetaka kuzitenganisha atakutana na Oswald Rufeisen. Alizaliwa Poland mwaka 1922 kwa wazazi Wayahudi. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia alijifanya si Myahudi, akawa mkalimani wa polisi chini ya Wajerumani katika mji wa Mir, na kwa nafasi hiyo akawatorosha Wayahudi karibu 300 kabla hawajauawa. Akijificha katika nyumba ya watawa alibatizwa, baadaye akawa padri Mkarmeli, Ndugu Daniel. Alipofika Israeli aliomba uraia kwa Sheria ya Kurejea ya mwaka 1950, inayompa kila Myahudi haki ya kuhamia. Mama yake alikuwa Myahudi, na sheria ya dini haimwondoi mtu kwa kubadili imani. Mwaka 1962 Mahakama Kuu ikamkatalia: kwa masikio ya watu wa kawaida, walisema, padri Mkatoliki haitwi Myahudi. Alipata uraia kwa njia ya kawaida, kama mgeni yeyote, na alifia Haifa mwaka 1998. Waliomkatalia hawakuwa na shaka na ushujaa wake hata kidogo.

Kinyume chake ni Beta Israeli, jamii ya Ethiopia inayofuata Torati. Hawakujiita Wayahudi, neno *ayhud* la Kigeezi, lugha ya kale ya Ethiopia, lilikuwa la Wakristo kuwatukana wazushi, wao walijiita nyumba ya Israeli. Mwaka 1973 rabi mkuu Ovadia Yosef aliamua kwamba ni wa kabila la Dani. Si la Yuda. Na kwa hiyo, akasema, ni Wayahudi. Mei 1991 zaidi ya 14,000 walisafirishwa kwa ndege kutoka Addis Ababa hadi Israeli kwa takriban saa 36.

Nikuache na watu wa karibu zaidi. Mbale, mashariki mwa Uganda, Semei Kakungulu, jemadari aliyewahi kuwapigania Waingereza, alikuwa akisoma Biblia ya Kiganda kwa makini ya kutisha. Aliposhika kwamba tohara imeamriwa, inasimuliwa aliambiwa hiyo ni ya Wayahudi. Akajibu: basi sisi ni Wayahudi. Mwaka 1919 alitahiriwa yeye na wanawe. Jamii yake ilipita zama za Idi Amin aliyewapiga marufuku, na mwaka 2002 mamia yao walipitia taratibu rasmi za kuongoka mbele ya marabi waliotoka nje. Sisi kwa Kiswahili tunawaita Wayahudi wa Uganda, kwa lile neno la Waarabu. Wao wanajiita Abayudaya. Kakungulu hakulipata neno hilo kwa jahazi. Alilikuta kwenye Biblia yake, na ukilisikiliza polepole, Yuda amekaa katikati.